MATEMBELE NA KISAMVU: TUPANDE LIPI, TULE VIPI?



Katika ukurasa wetu wa afya wa mwezi huu tumeona tuzungumzie mboga mbili ambazo karibu kila kaya ya Kibondo na Kasulu inazifahamu. Mboga hizo ni matembele, yaani majani ya viazi vitamu, na kisamvu, yaani majani ya muhogo. Zote mbili hupandwa kwa vipande vya shina wala si kwa mbegu za kununua dukani. Zote mbili husifiwa kwamba "zinaongeza damu". Kwa sababu hiyo watu wengi huzichukulia kuwa ni kitu kimoja: ukikosa hii unachuma ile, na unaipika kwa namna ile ile.

Sivyo ilivyo. Matembele na kisamvu ni mimea miwili yenye tabia tofauti shambani, jikoni na mwilini. Moja inataka maji na mbolea, lakini haina taabu jikoni. Nyingine huvumilia jua na udongo uliochoka, lakini ndani yake mna sumu ambayo sharti iondolewe kabla mtu hajala. Anayezichanganya anaweza kupoteza faida ya moja na kupata madhara ya nyingine. Basi tuzitazame moja baada ya nyingine.

ZIMETOKA WAPI?

Viazi vitamu na muhogo vyote asili yake ni Amerika. Vililetwa Afrika na mabaharia na wafanyabiashara karne nyingi zilizopita, vikaenea bara zima hata watu wakasahau kwamba vilikuwa vigeni. Leo ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, huko Kongo, neno "matembele" linatumika kwa mboga hii hii ya majani ya viazi, na kisamvu wanakiita sombe au pondu. Ndugu zetu wa Burundi wanakiita isombe. Wakimbizi waliofika wilaya zetu kwa nyakati mbalimbali, wakiwemo Wakongo waliopokelewa katika kambi ya Nyarugusu tangu mwaka 1996, walikuja na upishi wao wa majani haya. Kwa hiyo kinu na mwiko wa kisamvu si mambo ya kabila moja wala ya nchi moja.

KUTUNZA MATEMBELE

Matembele hupandwa kwa marando. Chagua marando kutoka kwenye mmea wenye afya, usio na majani yaliyojikunja, yaliyodumaa au yenye mabaka ya njano. Dalili hizo huonyesha ugonjwa wa virusi, na ukipanda rando lenye ugonjwa umepanda ugonjwa wenyewe. Kata vipande vya sentimeta 25 hadi 30 kutoka upande wa ncha, kwa kuwa ncha huwa changa na haina wadudu wengi kama sehemu ya shina iliyo karibu na ardhi. Fukia nusu ya kipande au zaidi, macho mawili au matatu yawe chini ya udongo.

Hapa kuna jambo ambalo wengi hawalizingatii. Shamba la viazi na bustani ya matembele si kitu kimoja. Ukichuma majani mara kwa mara kwenye matuta ya viazi, viazi vitakuwa vidogo, maana majani ndiyo yanayotengeneza chakula kinachohifadhiwa chini. Kwa hiyo tenga kijitaruma cha mboga peke yake karibu na nyumba, hata kikiwa na upana wa meta moja na urefu wa meta tatu. Hapo panda marando kwa kusogezana, kiasi cha sentimeta 20 hadi 25, na utie samadi iliyooza vizuri. Samadi nyingi katika shamba la viazi huweza kuleta majani mengi na viazi haba. Katika kitaruma cha mboga hilo ndilo tunalolitaka.

Baada ya wiki nne hadi sita unaweza kuanza kuchuma. Chuma ncha changa zenye urefu wa kiganja, uache shina na majani mengine ili mmea uchipue tena. Ukifanya hivyo utarudi kuchuma mahali pale pale baada ya wiki moja au mbili.

Udhaifu wa matembele ni ukame. Mvua zetu za nyanda za juu za Kigoma huja kwa msimu mmoja, kuanzia Oktoba au Novemba hadi Aprili au Mei, na kutoka Juni hadi Septemba jua ni kali. Asiyemwagilia atakuta matembele yamenyauka, na mvua zikirudi hana hata marando ya kupanda. Dawa yake ni kupanda kitaruma kidogo bondeni, au mahali panapotiririka maji ya kunawia na kuoshea vyombo. Maji hayo yakitosha kulowesha udongo, familia itakuwa na mboga kiangazi chote na marando ya msimu ujao. Hata hivyo, mboga inayomwagiliwa maji ya aina hiyo ioshwe vizuri na kupikwa, isiliwe mbichi.

KUTUNZA MUHOGO WA KISAMVU

Muhogo hupandwa kwa pingili za shina lililokomaa, la mmea wenye umri wa miezi 8 au zaidi. Kata pingili za sentimeta 20 hadi 30 zenye macho matano hadi saba. Nafasi ya kawaida shambani ni meta moja kwa meta moja. Palizi ni muhimu sana katika miezi mitatu ya mwanzo, kabla majani hayajafunika ardhi. Baada ya hapo muhogo hujitegemea.

Uchumaji wa kisamvu usianze kabla ya mmea kutimiza miezi mitatu hivi. Chuma majani machanga ya juu, machache kwa kila shina, ukizunguka shamba zima. Usiung'oe mti mmoja majani yote ukauacha uchi kama kijiti. Kama ilivyo kwa viazi, anayevuna majani kupita kiasi anajipunguzia mihogo.

Uhodari wa muhogo ni kuvumilia kiangazi. Jua likizidi, mmea huangusha majani yake ya chini na kubakiza machache juu. Wakati huo kisamvu huwa kidogo na kigumu, lakini kinapatikana bila ndoo hata moja ya maji. Vilevile hustawi katika udongo uliochoka ambao mboga nyingine zingekataa.

Adui mkubwa wa muhogo ni magonjwa mawili ya virusi. La kwanza ni batobato, ambalo hufanya majani yajikunje na kuwa na mabaka ya kijani na njano. Batobato kali ilienea kutoka Uganda, ikaingia kaskazini magharibi mwa Tanzania mwishoni mwa miaka ya 1990, na kuharibu mashamba mengi. La pili ni michirizi ya kahawia, ambayo huozesha muhogo wenyewe ndani kwa ndani, hata mkulima anapong'oa anakuta mabaka makavu ya rangi ya kahawia. Magonjwa yote mawili huenezwa na inzi weupe na kwa kupeana pingili zenye ugonjwa. Tuwe waangalifu tunapopokea mbegu kutoka kwa jirani au ndugu wa kijiji kingine. Tuulize kwanza ofisi ya kilimo ya kata ni mbegu ipi inayostahimili magonjwa hayo. Magonjwa haya hayamwambukizi binadamu, lakini yanamletea njaa.

Wako pia wenye mti wa kisamvu cha mpira uani. Huo ni ndugu wa muhogo unaokua kuwa mti mkubwa na kudumu miaka mingi, nao hutunzwa kwa kupunguzwa matawi. Majani yake yana sumu ya namna ile ile, hivyo yote tutakayosema hapa chini yanauhusu.

JIKONI: HAPA NDIPO PENYE TOFAUTI KUBWA

Matembele hayana sumu hiyo ya muhogo. Yaoshe kabla ya kuyakata, yakate, yatie katika maji kidogo yanayochemka au katika kitunguu na nyanya, na baada ya dakika 5 hadi 10 yako tayari. Ukiyapika muda mrefu hadi yageuke rangi, umeua vitamini nyingi, hasa vitamini C. Maji uliyochemshia usiyamwage. Yafanye kuwa mchuzi.

Kisamvu ni kinyume chake. Majani ya muhogo yana viini ambavyo yakipondwa hutoa sumu iitwayo sianidi. Mara nyingi majani huwa na sumu nyingi kuliko muhogo wenyewe, hata ule unaoitwa mtamu. Mababu zetu hawakuijua kwa jina, lakini walijua dawa yake, nayo ni kinu na moto. Unapotwanga, unavunja majani na kuiwezesha sumu kutoka. Unapochemsha chungu kikiwa wazi, sumu huondoka pamoja na mvuke. Ndiyo maana hatua zote mbili ni za lazima, nazo tunazipanga hivi:

1. Chagua majani machanga, yaoshe vizuri.

2. Yatwange katika kinu mpaka yalainike kabisa. Kuyakatakata kwa kisu peke yake hakutoshi.

3. Yaache kidogo baada ya kutwanga, kisha yatie katika maji mengi.

4. Yachemshe bila kufunika kwa muda usiopungua nusu saa. Akina mama wengi huchemsha saa moja au zaidi, nao wanafanya vema.

5. Ndipo utie karanga zilizotwangwa, mawese au nazi, na chumvi.

Tunajua kwamba kuni zimekuwa shida. Katika maeneo mengi ya Kibondo na Kasulu mama hutembea mbali kuzitafuta, na kisamvu kinakula kuni kuliko matembele. Lakini asiyekuwa na kuni za kutosha siku hiyo apike matembele au mchicha, asipunguze muda wa kisamvu. Anayeweza atwange na kuchemsha kisamvu kingi kwa mara moja, kisha akigawe kwa siku mbili akikipasha moto vizuri mpaka kichemke. Wengine hutia magadi ili kilainike upesi. Magadi huharibu baadhi ya vitamini, na wala si badala ya kutwanga na kuchemsha.

SUMU HII SI HADITHI

Mtu aliyekula kisamvu kisichoiva anaweza kuumwa kichwa na tumbo, kusikia kizunguzungu na kutapika. Watoto wadogo hudhurika upesi zaidi kwa sababu miili yao ni midogo. Mwenye dalili hizo baada ya kula awahishwe kituo cha afya, na waliompeleka waseme alichokula.

Sumu hiyo hiyo, ikitokana na unga wa muhogo mchungu usioandaliwa vizuri, imeleta ugonjwa wa kupooza miguu uitwao konzo. Nchini kwetu ugonjwa huu ulitokea Tarime wakati wa ukame wa mwaka 1985, na Mtwara mwanzoni mwa miaka ya 2000. Waliopatwa ni watu waliokuwa wakila muhogo huo siku nyingi bila chakula cha kutosha chenye protini kama maharage, samaki au nyama. Miguu iliyokakamaa kwa konzo hairudi kuwa kama zamani. Kwa hiyo wanaokula ugali wa muhogo wasifupishe siku za kuloweka au kuvundika na kuanika eti kwa sababu ya haraka ya soko. Aidha watumie chumvi yenye madini joto, kwa sababu sumu ya muhogo huzuia mwili kutumia madini hayo na hivyo huongeza hatari ya uvimbe wa shingo.

ZINATUPA NINI MWILINI?

Kisamvu kina protini nyingi kuliko mboga nyingi za majani. Katika gramu 100 za majani mabichi mna takriban gramu 7 za protini, wakati matembele yana takriban gramu 3. Ndiyo sababu kisamvu cha karanga kikiliwa na ugali na maharage huwa mlo wenye nguvu hata pasipo nyama.

Matembele nayo hupikwa upesi, kwa hiyo hubakiza vitamini C zaidi. Mboga zote mbili zina viini vya vitamini A, inayolinda macho na kuusaidia mwili kupigana na magonjwa. Wengine wanadhani ni majani ya viazi lishe tu, vile vyenye nyama ya rangi ya chungwa, yenye vitamini hiyo. Kwa upande wa kiazi chenyewe ni kweli kwamba rangi ni jambo kubwa. Kwa upande wa majani, hata viazi vyeupe vina majani yanayofaa.

Vitamini A haiingii mwilini vizuri pasipo mafuta. Hapo mkoa wetu umebarikiwa kwa mawese, ambayo yenyewe yana viini vya vitamini hiyo. Lakini usiyaunguze mpaka yawe meupe, maana rangi ile nyekundu ndiyo yenye faida.

Madini ya chuma yamo katika mboga zote mbili, ila mwili huyachukua kwa shida yanapotoka kwenye majani. Yasaidie kwa kula pamoja na dagaa au migebuka kidogo, na chungwa, limau au pera. Na chai ya rangi isinywewe pamoja na mlo. Ingojee saa moja au mbili, kwa sababu huzuia madini ya chuma.

Mtoto mchanga ale maziwa ya mama peke yake hadi miezi sita. Baada ya hapo mpe matembele laini yaliyopondwa, vijiko viwili au vitatu vyenye mafuta kidogo, juu ya chakula chake. Kisamvu naye anaweza kula kikiwa kimeiva kabisa.

JE, ZINAONGEZA DAMU?

Hili ndilo swali tunaloulizwa kuliko yote, na ndilo lenye hatari kubwa. Utafiti wa taifa wa mwaka 2015 na 2016 ulionyesha kwamba watoto 58 kati ya 100 wa umri wa miezi 6 hadi 59 walikuwa na upungufu wa damu, na akina mama 45 kati ya 100 wa umri wa kuzaa. Na utafiti wa malaria wa mwaka 2017 ulikuta vimelea vya malaria kwa watoto 24 kati ya 100 katika mkoa wa Kigoma, kiwango cha juu kuliko mikoa yote ya Tanzania wakati huo.

Takwimu hizo mbili ni lazima zisomwe pamoja. Mtoto wa kwetu mara nyingi hapungukiwi damu kwa kukosa mboga tu. Malaria huvunja chembe zake za damu, na minyoo ya safura humnyonya. Mboga humsaidia kujenga damu polepole, kwa wiki na miezi. Haiwezi kumwokoa mtoto ambaye viganja vyake vimekuwa vyeupe, anayepumua kwa haraka, anayelala tu na kukataa kunyonya. Huyo anahitaji hospitali saa hiyo hiyo, na pengine kuongezewa damu. Kila saa inayopita nyumbani akinyweshwa maji ya majani ni saa anayonyang'anywa.

Juu ya hayo, iko desturi ya kukamua majani mabichi na kunywa maji yake. Maji ya matembele mabichi huweza kuwa na vijidudu vya kuharisha. Maji ya kisamvu kibichi ni jambo jingine kabisa: ni kunywa sumu iliyokwisha kufunguliwa na kinu lakini haijaondolewa na moto. Tunasema kwa nguvu zote: mtu yeyote asinywe wala asimpe mtoto, mama mjamzito au mgonjwa maji ya kisamvu kibichi.

Mama mjamzito aendelee kumeza vidonge vya kuongeza damu anavyopewa kliniki, alale ndani ya chandarua chenye dawa, na mboga iwe nyongeza. Wenye historia ya mawe ya figo, na wanaotumia dawa za kuzuia damu kuganda, wamwulize mganga wao kiasi cha mboga za majani kinachowafaa.

NA MIFUGO?

Marando ya viazi ni chakula kizuri cha sungura, mbuzi na nguruwe. Majani mabichi ya muhogo yanaweza kuua mnyama akiyala kwa wingi. Yakatwe na kuanikwa juani mpaka yakauke kabla ya kumpa. Na shamba la muhogo lizungushiwe uzio ikiwa mbuzi wanazurura.

BASI TUPANDE LIPI?

Tupande yote mawili, kila moja mahali pake na kwa kazi yake. Matembele yawe mboga ya kila siku, karibu na jiko, ya kupikwa upesi na ya kumlisha mtoto. Kisamvu kiwe akiba ya kiangazi na mboga ya siku ambayo kuni, kinu na muda vipo. Wakati wa masika, majani yanapokuwa tele, matembele yanaweza kuchovywa katika maji yanayochemka kwa dakika mbili na kuanikwa kivulini ili yawe mboga kavu.

Akina baba wasiseme kwamba mambo ya mboga ni ya wanawake. Kuzungushia bustani uzio, kubeba samadi, kupasua kuni na kushika mchi ni kazi za mwanamume pia, hasa mkewe anapokuwa mjamzito. Jumuiya ndogondogo nazo zinaweza kutunza kitalu kimoja cha marando na pingili safi bondeni, ili wajane na wazee wapate mbegu mvua zinapoanza.

Kitabu cha Danieli, sura ya kwanza, kinasimulia habari za vijana waliokubali kujaribiwa siku 10 kwa mboga na maji, wakatoka na afya kuliko wenzao waliokula chakula cha mfalme. Mungu hakutunyima mboga katika milima yetu. Ametuachia kazi ya kuzitunza, kuzitwanga, kuzipika ziive, na kujua ni wakati gani wa kuweka sufuria chini na kumbeba mtoto kwenda hospitali.

Tuonane toleo lijalo, Mungu akipenda.